Wagogo Tuna Fungu Letu Bagamoyo



Mahindi yameshashuka, alizeti imeshauzwa au imeshakamuliwa, na aliyepata chochote msimu huu anawaza kutoka kidogo. Wengi wetu tukipata nauli tunakwenda Dar es Salaam. Tunafikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto, tunapita Kariakoo kununua nguo za watoto, tunavuka Kigamboni kwa pantoni ili tukasimulie nyumbani kwamba tumepanda chombo cha majini, kisha tunarudi. Sina neno na Dar es Salaam. Ila leo nataka niwashawishi kwa nguvu zangu zote kwamba safari ijayo ya pwani ielekee Bagamoyo, na sababu nitakazotoa ni za mtu wa Kongwa.

Mgeni aliyeshuka kwenye ndege anaelezwa kwamba Bagamoyo ni bandari kongwe, ina magofu, ina bahari, ina samaki. Yote kweli. Sisi tuna la zaidi. Mji ule ulinenepa kwa njia iliyopita katika nchi yetu. Msafara uliotoka Bagamoyo kwa njia ya kati ulivuka mto Ruvu, ukapanda milima ya Usagara, ukafika Mamboya, ukashuka Mpwapwa, ukaingia Ugogo, ukasogea Kilimatinde, halafu Tabora, na wenye safari ndefu wakaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Tazameni mlolongo huo mjiulize sisi tuko wapi. Tuko katikati kabisa. Mwaka 2006 serikali yetu ilipoipeleka njia hiyo UNESCO ili iwekwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ilitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa ndiyo wilaya tuliyomegwa kutoka kwake. Watu wanaokaa Mpwapwa ni shemeji zetu.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo kila kiongozi wa msafara alilihofia kabla hajaondoka pwani, nalo ni Ugogo. Ukitoka Mpwapwa na Chunyo kulikuwa na nyika waliyoiita Marenga Mkali, mwendo mrefu usio na maji. Watu walijaza vibuyu, wakatembea hata usiku, na aliyechoka njiani alikuwa hatarini kweli. Wakishavuka hapo, waliingia kwenye himaya za watemi wa Kigogo, na kila mtemi alidai hongo. Zamani hizo neno hilo halikuwa na aibu liliyo nayo leo: ilikuwa ada ya kupita, inajulikana, inajadiliwa hadharani, inalipwa kwa mikono ya nguo, shanga na nyaya za shaba, na msafara mkubwa unalipa zaidi ya mdogo. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Ukikataa, hupiti, na maji hupati.

Vitabu vya Wazungu waliopita vimejaa malalamiko kuhusu jambo hili. Burton alipita Ugogo mwaka 1857 akienda na mwaka 1858 akirudi. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wote wawili wanawaeleza babu zetu kama watu wajeuri na wenye tamaa. Mimi nasoma maelezo yao kwa jicho la mtu wa huku. Mamia ya watu, wakati mwingine zaidi ya elfu, wanaingia kijijini mwezi wa Septemba, wakati maji yamebaki kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono, na mtama ulioko ghalani ni wa kuwafikisha watoto hadi mvua. Wanataka maji, wanataka chakula, wanataka kuni, wanataka pa kulala, na kesho wanaondoka. Kuwatoza ilikuwa haki, na nasema hivyo bila kusita. Nchi kavu kama hii, anayemiliki kisima ndiye anayejua thamani ya tone. Na nguo zile tulizolipwa, kaniki na merikani, zilishushwa majahazini kwenye ufuko wa Bagamoyo. Pembe za ndovu zilizotoka bara zikapandishwa pale pale. Kwa hiyo ukisimama ufukweni mwa Bagamoyo umesimama kwenye mlango wa nyumba ambayo sebule yake ilikuwa hapa kwetu.

Tuzungumze njia kabla sijasahau, maana wengi hudhani lazima upitie Dar es Salaam. Huna haja. Panda basi Kibaigwa, pita Gairo, pita Morogoro, shuka Chalinze. Hapo tafuta gari linalokwenda njia ya Tanga, ushuke Msata. Msata kuna magari ya Bagamoyo, na barabara yake siku hizi ni lami. Utapita Kiwangwa penye mananasi yaliyopangwa kandokando ya barabara, ununue, yale ni matamu kwa kweli. Mbele yake utavuka mto Ruvu karibu na unakoingia baharini. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walikutana na mto huo mwanzo kabisa wa safari, wakauvuka kwa mitumbwi, mizigo kwanza, watu baadaye, na punda wakivutwa kwa kamba. Wewe utauvuka darajani ukiwa umeketi.

Ukifika, lala. Siku ya pili nenda ufukweni asubuhi, pale kwenye soko la samaki, karibu na nyumba ya forodha waliyoijenga Wajerumani mwaka 1895. Usikimbilie majengo kwanza. Tazama maji. Sisi watu wa bara tumezoea kuona maji yakitoka mahali yakaenda mahali. Bahari ya pale inakuja na kuondoka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kina kinapanda na kushuka zaidi ya meta tatu. Ufuko ni tambarare, kwa hiyo maji yakipwa yanarudi mbali sana, na mashua zinabaki zimelalia ubavu kwenye tope. Mabaharia wanakaa kivulini mwa vyombo vyao wanashona nyavu na kungoja. Yakijaa, chombo kinainuka chenyewe. Wachukuzi wanaingia majini hadi kifuani, mzigo kichwani, wanautoa chomboni hadi mchangani. Mizigo ya mbao, mafuta ya kupikia, magodoro, kila kitu kinapita kichwani mwa mtu. Hivyo ndivyo pembe zilivyopakiwa mwaka 1870.

Kaa pale uangalie na mnada. Neno la mnada sisi tunalijua kwa ng'ombe. Pale samaki wanamwagwa mchangani kwa mafungu, changu huku, kolekole huku, pweza peke yake, nguru mmoja mkubwa amelazwa kwenye jani la mnazi. Dalali anaanza kutaja bei kwa kasi ambayo masikio ya mgeni yanachelewa kuifuata, na wanunuzi wanajibu kwa nyusi na vidole. Wanawake wa makarai, wale wanaokaanga papo hapo, wananunua mafungu madogo wakigawana, na baada ya muda mfupi samaki yule uliyemwona anatikisa mkia yuko kwenye mafuta. Mle pale pale, kwa ndimu na pilipili. Mtu aliyezoea samaki wakavu wanaotufikia huku ataelewa kwa nini watu wa pwani wanakataa kuwaita samaki.

Bandari hii ya tope na kina kifupi ilifaa sana kwa majahazi. Jahazi linakubali kulala ubavu. Meli ya mvuke haikubali. Wajerumani walipoweka makao yao makuu Bagamoyo, mwanzoni mwa utawala wao, meli zao zililazimika kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwa mashua. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina kirefu iliyokingwa na nchi kavu. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka huko kwenda bara. Mwaka 1907 ilikuwa Morogoro, mwaka 1910 ilifika Dodoma, mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Hapo mpagazi hakuhitajika tena, na mji uliokuwa unaishi kwa wapagazi ukabaki na maghala matupu.

Hili nataka mlitafakari kidogo wasikilizaji, maana ndilo lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo. Reli iliyoifanya Dodoma kuwa mji ndiyo iliyoiua Bagamoyo. Makao makuu ya nchi tunayojivunia leo hapa jirani yalianza kama kituo cha reli, na kila behewa lililopita hapo lilikuwa mzigo uliopotea Bagamoyo. Sisi na wao tulikaa ncha tofauti za ubao mmoja. Na watu wa Kongwa hatuhitaji kufundishwa maana ya mji kuachwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mpango wa karanga, wakaleta matrekta, wakaleta maelfu ya wafanyakazi, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali kuja Kongwa hadi Hogoro. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Wazee wetu waliona mataruma yakitandikwa na wakaona yaking'olewa. Kwa hiyo ukitembea Bagamoyo kwenye mtaa wenye kuta za mawe zilizoezuka, hutaona picha nzuri ya kupiga kwa simu tu. Utaona watu waliobaki mahali baada ya wenye mipango kuondoka, wakaendelea kuvua, kulima minazi, kusomesha watoto. Utawaelewa haraka kuliko mgeni yeyote.

Majengo sasa. Mji Mkongwe ni mdogo, unatembelewa kwa miguu, ila usiende katikati ya mchana. Ingia kwenye nyumba mojawapo iliyo wazi, utazame juu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimeunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, nene kiasi kwamba ndani kuna ubaridi. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu: fundi alikwenda kadiri mti ulivyomruhusu. Wazee wetu waliojenga tembe wangemwelewa fundi yule mara moja, kwa sababu nao walipima nyumba kwa urefu wa mti waliouona porini, wakaezeka kwa udongo juu yake. Kisha toka nje uangalie milango. Nakshi zake zimechongwa kwa patasi, kuna maua, kuna minyororo, kuna milango ya mtindo wa Kihindi yenye misumari ya shaba iliyochomoza, iliyowekwa na wafanyabiashara waliotoka upande wa Gujarati. Tajiri mmoja wao, Sewa Haji, ndiye aliyekuwa akiwapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi na mizigo ya nguo. Alikufa mwaka 1897, na jina lake wakazi wa Dar es Salaam wanalijua kwa sababu ya hospitali aliyoichangia.

Boma la Wajerumani lilikamilika mwaka huo huo wa 1897. Mvua zimeshabomoa sehemu yake. Inauma kuliona hivyo, na naomba wenye dhamana ya mambo ya kale wasichoke, kwa sababu jengo la chokaa likishaanza kunywa maji haliwasubiri watu wa bajeti. Jengo lililo na maana zaidi kwetu ni lile la Karavansarai, kituo cha misafara. Lina ua mpana. Hapo ndipo mizigo ilipofungwa na kufunguliwa, na ndani kuna makumbusho madogo yenye picha za wapagazi. Simameni mbele ya picha hizo muda mrefu kidogo.

Nasema hivyo kwa sababu kuna hadithi moja inayosimuliwa sana kuhusu Bagamoyo, na inasimuliwa nusu. Mgeni anaambiwa huu ulikuwa mji wa watumwa, basi. Watumwa walipita, ni kweli, na hakuna anayepaswa kulainisha jambo hilo. Lakini biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na waliozibeba kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru, Wanyamwezi zaidi ya wote, waliofanya kazi ya upagazi kwa ujira, kwa mapatano, kila mwaka kwa msimu wake. Idadi kubwa zaidi ya watumwa waliopelekwa pwani kutoka kusini ilipitia Kilwa. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa mwaka 2006, akaonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, wenye desturi zao, wanaojua kugoma wasipolipwa, wanaojua njia kuliko mabwana zao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na mwendo wa kwenda Tabora ulichukua miezi miwili au mitatu. Ukimwita mtu huyo mtumwa unamnyang'anya hata ujira wake.

Nenda misheni uone mfano wa nusu hadithi. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakafundisha ufundi na kilimo. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa tarehe 5 Juni 1873, na misheni ikaendelea kupokea waliokombolewa baada ya hapo. Kwenye viwanja vyake kuna mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka ilipoanza, na kwenye shina lake kumechomoza kipande kifupi cha mnyororo, sehemu kubwa imeshamezwa na mti. Wageni wakiuona wanasema, hapa watumwa walifungwa. Wenyeji wa misheni watakueleza kwamba mnyororo ule aliuweka mama mmoja wa Kifaransa aliyehudumu katika zahanati, kwa ajili ya kumfungia punda wake. Ulizeni kabla ya kuamini. Mnyororo wa watumwa ulikuwepo kweli, katika historia ya nchi hii, hauhitaji kusingiziwa punda ili ututie uchungu.

Katika misheni hiyo hiyo kuna mnara wa kanisa la kwanza, na mnara huo una kisa ambacho mimi sikichoki. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye, Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, walizika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Hakuna aliyewaamuru. Walitembea miezi mingi. Mahali fulani baada ya Tabora, kwa sababu wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, walijifanya wameirudisha kuizika, wakaifunga upya kama mtumba wa nguo, wakaendelea na safari. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukalazwa usiku mmoja kwenye kanisa lenye mnara ule kabla ya kuvushwa Zanzibar. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Watoto wetu shuleni wanajua jina la aliyebebwa. Nendeni mkawasome waliobeba.

Wajerumani hawakuingia kwa amani. Septemba 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na aliyejulikana zaidi kati ya viongozi wao ni Abushiri bin Salim. Mapigano yaliiumiza sana Bagamoyo. Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyekuja na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na kwingineko, alivunja ngome ya Abushiri karibu na mji. Abushiri alikimbilia wapi? Aliingia bara kwa njia ile ile ya misafara, akashambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Vita iliyoanzia baharini ilifika mlangoni kwetu. Alikamatwa baadaye akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Siku chache kabla ya hapo Stanley alikuwa ameingia Bagamoyo na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, wakitokea Ziwa Albert kwa njia ya Mpwapwa, na usiku wa karamu ya kuwapokea Emin alianguka kutoka ghorofani akavunjika vibaya, baada ya kuvuka nusu ya Afrika salama.

Kilometa chache kusini mwa mji kuna Kaole. Mkipata nafasi fikeni, kuna msikiti wa karne ya kumi na tatu na makaburi yenye nguzo, na Burton na mwenzake Speke waliondokea pale mwaka 1857. Bandari yake imeshaziba kwa mikoko. Bandari hiyo ilikufa kabla ya Bagamoyo kuzaliwa vizuri.

Lakini ningependa mbakize muda kwa ajili ya kitu ambacho hakimo kwenye magofu. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Mmoja wa watu walioipa sifa ile sehemu alikuwa Mgogo. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, hapa hapa mkoani kwetu, akachunga ng'ombe kama wengi wetu tulivyochunga, akajifunza zeze, filimbi na ilimba. Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam ajiunge na wasanii wa taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha, akajenga, akakusanya ndugu na watoto wake karibu naye. Sauti yake, ile inayoshuka chini kabisa kisha ikapaa juu kama ya mwanamke, ikasikika Ulaya, Japani, Marekani. Studio ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza ilitoa albamu zake. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Ilimba yake ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye vyuma vingi vilivyopangwa mstari, na kwenye ubao wake kuna matundu yaliyofunikwa kwa utando wa buibui. Ukibonyeza chuma, sauti inatoka mara mbili: ile safi, na nyingine inayovuma kama nyuki nyuma yake. Utando huo ukichanika, chombo kinakuwa butu. Wachungaji wetu walitafuta utando huo kwenye kuta na magome ya miti, wakaubandika kwa uangalifu mkubwa. Ufundi huo wa vijijini kwetu leo unafundishwa ukingoni mwa bahari, kwa wanafunzi wanaotoka Kagera, Mtwara na nje ya nchi. Ukoo wa Zawose unaendelea na kazi. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, walitoa albamu yao inayoitwa Maisha, na humo kuna ngoma za muheme, zile ambazo mama zetu wanazipiga wakiwa wamezibana kati ya mapaja. Zamani sifa ya kupiga zeze na ilimba mbele ya watu ilikuwa ya wanaume. Pendo na Leah wanazishika.

Hapo ndipo fungu letu lilipo. Watemi wetu walipokea nguo kutoka Bagamoyo kwa ajili ya maji na njia. Miaka mia moja baadaye tukaipelekea Bagamoyo ilimba, na mpaka sasa haijarudi nyumbani kwa kiwango kinachostahili. Kuna watoto Kongwa wanaosikia zeze mara ya kwanza kwenye simu. Wazazi wao nawaomba wawapeleke wakaisikie ikipigwa na mikono ya ndugu zao.

Taasisi huwa na tamasha la kila mwaka la sanaa na utamaduni, lililoanza mwaka 1982, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka. Tarehe hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kukata tiketi. Kwetu huo ni wakati mzuri, mashamba hayajaanza kulimwa. Asiyependa umati aende Julai au Agosti, upepo wa kusi unavuma, joto si kali, ila bahari inachafuka na samaki hupungua siku nyingine.

Walimu wakuu wa shule za sekondari za wilaya hii, nina neno nanyi hasa. Wanafunzi wenu wanasoma biashara ya masafa marefu darasani, wanakariri Wanyamwezi, pembe na watumwa, halafu ziara ya shule inakwenda kuangalia maghorofa. Kodini gari, mgawane gharama na wazazi mapema, tangu mavuno. Kabla ya kuondoka, watumeni watoto kwa mabibi na mababu wakaulize: hongo ilitozwaje hapa, kisima cha zamani kiko wapi, misafara ilipumzika chini ya mti gani. Waende na daftari lililojaa. Kule kwenye makumbusho wakikutana na mwongozaji anayesema Wagogo walikuwa wanyang'anyi wa njiani, wawe na la kumjibu. Na wakifika misheni, waombe wapelekwe kwenye makaburi ya waliokombolewa pamoja na ya mapadre.

Muda wangu umekwisha. Wenye maswali kuhusu magari ya Msata nipigieni hapa studio baada ya taarifa ya habari, nina namna ya kuwaunganisha na watu waliokwenda mwaka jana. Wiki ijayo, saa hizi hizi, nitakuwa na mzee wa Ugogoni aliyefanya kazi kwenye kambi ya karanga, atatueleza tawi la reli lilipita wapi na vyuma vyake vilipelekwa wapi.